Maradhi ya Bwana Mdogo

Jumapili, 2 Machi

Amepiga! Saa kumi na dakika tano, kama kila Jumapili. Dakika nne kamili. Aliuliza kama Bwana Mdogo hajambo. Nikasema hajambo. Akauliza kama anapata jua la asubuhi. Nikasema analipata. Akasema haya, asante, Jumapili njema. Basi! Habari zangu hakuuliza, na nilikuwa nimeziandaa tangu Ijumaa.

Kwa kumbukumbu, maana shajara hii ni mpya na ile ya zamani iliingia maji: Bwana Mdogo ni msonobari. Urefu wake dhiraa moja na hataongezeka. Anakaa kwenye chungu kipana mithili ya sinia, na kwa miaka ishirini na mitatu amepogolewa na kufungwa waya ili abaki mdogo lakini aonekane mzee. Wenye vitabu huita mti wa namna hiyo bonsai. Mke wangu aliupanda kabla hajanijua. Kwa hiyo katika nyumba hii Bwana Mdogo ndiye mkubwa. Mimi nimemkuta.

Mke wangu yuko kwa dada yake, upande wa pili wa mji. Alisema anakwenda wiki mbili. Sasa ni mwezi wa tano tangu aondoke. Hatukugombana. Alipiga pasi koti langu la kazi, akalitundika, akasema chakula kiko jikoni, akaondoka. Wapo wanaosema ni kwa sababu ya kware mia moja na ishirini niliowafuga barazani. Kware walishakufa, kwa hiyo sababu hiyo haipo tena. Vitu vyake vimemfuata kimoja kimoja, hadi meza ya kupigia pasi. Amebaki Bwana Mdogo tu, kwa kuwa dirisha la shemeji linatazama ukuta. Sasa shemeji anajengewa kibaraza. Kikiisha, mke wangu atakuja kuuchukua mti wake, na sijui baada ya hapo atakuwa na sababu gani ya kunipigia.

Baada ya simu nimekwenda kumtazama. Hajambo? Uongo mtupu. Sindano zake, yaani majani yake membamba, zina ncha za kahawia, za ndani zimegeuka manjano, na ukimgusa zinapukutika.

Jumatatu, 3 Machi

Jumatatu saluni yangu, iliyo chini ya jengo hili, inafungwa. Nimemkagua kwa miwani. Chanzo nakijua. Mwezi wa kwanza nilimwona kichwa kimemtimka, nikasema hapana, mwenyewe asije akamkuta hivi. Nikampa staili. Pembeni fupi, juu tambarare, kwa mkasi wangu mzuri. Alipendeza! Miaka ishirini na sita ya unyozi si mchezo. Tatizo ni kwamba unywele ukiukata katikati hausemi kitu. Sindano ya msonobari ukiikata katikati inakauka kuanzia pale pale ulipoikata.

Chanzo cha pili ni maji. Alinielekeza nimwagilie udongo ukianza kukauka. Mimi nimemwagilia asubuhi, mchana na jioni. Ndicho kitu chake pekee kilichobaki hapa kinachonihitaji. Nimeandika hivyo na sifuti.

Mpango: kimya. Nimpake mafuta ya nazi, sindano moja moja, ang'ae, Jumapili niseme hajambo.

Saa kumi na moja jioni: mpango umeshindikana. Nimepaka tawi moja, sindano zimebaki zote mkononi. Nimeogopa. Nimepiga simu nikakiri.

Dakika ishirini na mbili! Hajazungumza nami hivyo tangu zama za kware. Aliniambia nikwaruze gome la tawi kwa ukucha. Chini yake pakiwa pa kahawia, tawi limekwisha. Pakiwa pa kijani, li hai. Akasema miti ya jamii hii ina tabia mbaya ya kuficha: inaweza kufa leo na ikabaki kijani wiki nyingi, watu wanapita wanaisifu. Nikakwaruza. Kijani! Nilipiga ukelele, naye akacheka. Mara moja tu, kwa kifupi, kupitia puani, kama alivyokuwa akicheka jikoni. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu baada ya yeye kukata.

Kesho atapiga tena kuuliza hali. Kesho ni Jumanne! Hajawahi kupiga Jumanne.

Alhamisi, 6 Machi

Amepiga Jumanne. Amepiga jana. Leo amepiga mara mbili. Ugonjwa huu una baraka.

Maagizo: sindano zilizokufa zitolewe kwa vidole. Mkasi nisiushike kabisa. Tawi lililobaki bila hata sindano moja ya kijani lisitegemewe, maana kwa msonobari halichipui tena. Niliuliza kama halihitaji muda tu. Akasema muda hausaidii palipokwisha kabisa. Kisha nimtoe chunguni nione mizizi, nipunguze iliyooza tu, nimpandikize kwenye changarawe iliyochanganywa na udongo kidogo.

Saluni nimefunga saa nane. Wateja wawili wamenuna. Nimemlaza Bwana Mdogo kwenye kiti cha kunyolea, nimemfunga shuka shingoni kwa mazoea. Kumtoa imekuwa kazi. Matundu ya chini ya chungu yalikuwa yamezibwa. Na nini? Manyoya ya kware! Yalishindiliwa kama pamba sikioni. Maji hayakuwa na pa kwenda, mizizi ikaoza. Hili sijamwambia na sitamwambia.

Halafu nikaona jambo la kutisha. Kwenye mizizi mizima kuna utando mweupe, nyuzi nyuzi, kama ukungu. Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi ni kinyozi. Fangasi nimewaona kwenye vichwa vya kila umri. Nikachukua shampuu ya dawa, ile kali ya mba, nikaosha mzizi mmoja mmoja, nikasuuza, nikarudia. Hakuna aliyeniagiza. Ni ujuzi tu. Sasa mizizi ni misafi, inanukia. Ningependa angekuwapo aone.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeua! Labda nimeua.

Jirani wa ghorofa ya kwanza alipita saluni. Ni mpima ardhi mstaafu, nasi tunamwita Mpima. Ana vyungu arobaini ngazini, amevipanga kwa kamba, na zamani alikuwa akibadilishana mbegu na vitabu na mke wangu. Mimi vitabu hivyo sikuvipenda. Nikamsimulia, kwa majivuno kidogo, habari ya shampuu. Akakaa. Akasema ule utando mweupe si ugonjwa, ni mwenzake. Unakaa na mizizi ya msonobari unaisaidia kunywa na kula, na bila huo mti hudhoofika. Kisha akasema kinyozi hajinyoi, sasa ameamua kunyoa miti. Wateja wakacheka. Nimemwambia sikio lake lina nywele.

Nilimpigia mke wangu. Nikasema yote ila manyoya.  Sauti yake haikuwa ya hasira. Hilo liliniuma zaidi. Akasema niende chini ya misonobari mikubwa yoyote nikachukue udongo wa juu, wenye sindano zilizooza na nyuzi zile zile nyeupe, niuchanganye humo chunguni. Mwenzake atarudi. Wakati mwingine hurudi, akasema.

Jumamosi, 8 Machi

Misonobari mikubwa iko uwanja wa hospitali. Nimekwenda saa tano asubuhi na mfuko na kijiko cha kupakulia wali. Nikachuchumaa, nikaanza. Mlinzi akaja. Akauliza nafukua nini. Nikasema udongo. Akauliza udongo wa nini. Nikasema wa dawa. Kosa! Akauliza dawa ya nani. Nikababaika, nikasema ni ya Bwana Mdogo, nyumbani, ili arudi kama zamani, na akirudi yeye huenda na mke wangu akarudi.

Alirudi nyuma hatua mbili. Akamwita mwenzake. Watu waliokuja kuona wagonjwa wakasimama kuniona mimi. Ilibidi nimpigie mke wangu na kuiweka simu kwenye spika. Mlinzi akamweleza kwa heshima zote kwamba wamemkamata mzee mmoja akichimba udongo wa hospitali kwa ajili ya kumrudisha mkewe.

 Uwanja mzima ulikuwa unasikiliza. Kisha akasema udongo ni wa mti tu.

Wakaniachia. Mlinzi akanijazia mfuko yeye mwenyewe, akanisindikiza hadi getini, na pale akaninong'oneza kwamba wa kwake aliondoka mwaka juzi, kwa hiyo ule udongo ukifanya kazi nimjulishe.

Jumapili, 11 Mei

Sijaandika miezi miwili. Nimekuwa na kazi: nimekuwa na furaha.

Anapiga kila siku! Wakati mwingine wakati wa chai, wakati mwingine jioni. Tunaanza na Bwana Mdogo: je, yuko kivulini, je, nimemnyunyizia maji juu, je, sijampa mbolea, maana mgonjwa halishwi pilau. Halafu tunateleza. Sasa najua goti lake la kushoto linamsumbua akipanda ngazi. Najua shemeji anakoroma na asubuhi anakana. Najua amekata nywele, wamemkata vibaya kisogoni, na niliumia kwa hilo kuliko ninavyoweza kueleza, maana kisogo kile nakijua kwa mikono. Jumatano moja alinisomea ukurasa mzima wa kitabu. Simu ilipoisha nilikuwa bado nimeshika mswaki.

Leo nimemtazama Bwana Mdogo jua likiwa upande wake. Kila ncha ya tawi imetoa kichipukizi, kimesimama wima, cheupe kwa kijani. Mke wangu huviita mishumaa. Nimehesabu mishumaa thelathini na moja. Nimechimba kidogo kwa ukucha pembeni ya shina: nyuzi nyeupe zimerudi. Amepona! Nilicheza barazani peke yangu. Mpima aliniona kutoka chini, akanipungia mkono, akaupungia na mti.

Saa kumi na dakika tano akapiga. Nikafungua kinywa nimwambie. Akanitangulia: kibaraza kimekwisha, kina jua zuri, Bwana Mdogo akipona tu atakuja kumchukua. Akauliza, vipi, hali?

Nikasema hali ni mbaya.

Jumatatu, 12 Mei

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Juu ya mficha afya hawakusema lolote. Kwa hiyo naruhusiwa.

Leo nimempa Bwana Mdogo ugonjwa wa tumbo. Mke wangu akauliza mti unapataje ugonjwa wa tumbo. Nikasema nina maana ya katikati. Dakika thelathini na nne. Akataka picha.

Jumatano, 14 Mei

Kazi ya sanaa. Maisha yangu yote nimewafanya wazee waonekane vijana. Kumfanya mzima aonekane mgonjwa ni ujuzi ule ule, unaugeuza tu. Nimechanganya rangi ya nywele, kahawia iliyokolea, na nyingine ya shaba kwa ajili ya umanjano. Nimepaka ncha kwa brashi ya nyusi. Mishumaa ya mbele nimeilaza na kuibana kwa vibanio. Sindano kavu nilizookota nimezibandika kwa jeli. Picha nimeipiga chini ya taa hafifu ya bafuni. Nilipoitazama nilitokwa na machozi, na mimi ndiye niliyempaka!

Nimeituma. Amepiga simu papo hapo. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Miaka ishirini na mitatu, alisema, na akashindwa kuendelea. Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Lakini akasema, usikate, kaa kwenye simu kidogo. Basi nikakaa. Hatukusema kitu. Nilimsikia akipumua na birika la shemeji likichemka huko nyuma. Ningeweza kukaa hivyo mpaka uzee.

Ijumaa, 16 Mei

Anakuja! Kesho, saa nne asubuhi. Hawezi kukaa mbali na mgonjwa. Atakuja na vifaa vyake, na kama ni lazima atashinda hapa. Kushinda hapa!

Njia mbili. Ya kwanza: nimwoshe Bwana Mdogo rangi, nimwonyeshe mti mzima. Atafurahi dakika tano, atambeba, atakwenda. Ya pili: nimwache mgonjwa. Tutakaa meza moja, mikono minne, kama enzi zile nilipokuwa nikimshikia waya naye akikunja. Hata si swali.

Nimefagia. Nimefua pazia. Nimeweka vikombe viwili mezani, nimeviondoa nisije nikaonekana nilimngoja, nimevirudisha. Nimeongeza shaba kidogo kwenye tawi la kulia.

Jumamosi, 17 Mei

Saa nne kasoro dakika tatu. Nilisikia goti la kushoto ngazini kabla ya mlango. Alikuwa amevaa gauni la bluu, na kisogoni kweli wamemharibu.

Sikujua kwamba amekutana na Mpima chini. Sikujua kwamba Mpima amempongeza kwa mti wake kupona, akamtajia na idadi ya mishumaa. Yule mtu ana darubini ya kupimia ardhi na hana ardhi ya kupima.

Aliingia. Akakaa mbele ya Bwana Mdogo. Akashika sindano moja, akaisugua kwa kidole gumba na cha shahada, akatazama vidole. Kahawia. Akavinusa. Akauliza rangi namba ngapi. Nikasema namba nne, na ncha ni shaba. Nilidhani atapiga kelele. Akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha bado akiwa anacheka akafuta macho, na aliendelea kuyafuta baada ya kicheko kuisha.

Akasema tumwoshe kabla ngozi haijaungua. Tukamteremsha saluni, kwenye beseni la kuoshea vichwa. Mimi nilishika shina, kichwa chake kimeegemea kiganja changu. Yeye aliosha sindano moja moja kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Muda wa saa mbili na nusu! Mabega yetu yaligusana mara kadhaa na hakuna aliyesogea. Nimekuwa nikitaka siku hiyo tangu mwezi wa kumi, nayo ikaja na harufu ya rangi ya nywele.

Nilipata ujasiri, nikamuuliza ni nini hasa, kware? Akasema si kware. Akasema vipo vitu hubaki kijani muda mrefu baada ya kufa, na watu wa nyumbani wanapita wanavisifu. Nikamwambia hilo nalikumbuka, ndiyo maana nilikwaruza gome. Akanitazama. Akasema mimi sikuwahi kukwaruza. Nilimwonyesha tawi nililokwaruza.

Kisha, akiwa kwenye sindano za mwisho, akasema kwa upole kwamba namba yake nilikuwa nayo siku zote. Kwamba mtu akimkumbuka mwenzake si lazima mti uugue. Anapiga, anasema, nimekukumbuka. Neno moja. Yeye angelisikia. Akaacha pamba juu ya beseni, akangoja.

Neno nilikuwa nalo.  Nikafungua kinywa, likatoka: maji si baridi? Ndilo swali ninalowauliza wateja wote.

Akasema maji yako sawa.

Nilimbeba Bwana Mdogo hadi kwenye teksi. Alimweka kiti cha nyuma, akamfunga mkanda, akakaa pembeni yake. Kabla ya kufunga mlango akaniambia kesho atapiga kama kawaida, saa kumi na dakika tano, lakini safari hii hatauliza habari za mti, maana mti atakuwa nao. Atauliza habari zangu. Akasema nijiandae.

Barazani pamebaki duara safi sakafuni, mahali chungu kilipokuwa. Nimetazama pale mpaka jua limeondoka.

Jumapili, 18 Mei

Nimejiandaa tangu alfajiri. Nimenyoa. Nimevaa koti alilolipiga pasi, ambalo tangu siku ile sijalivaa. Nimesimama mbele ya kioo cha saluni, nikasema nimekukumbuka, mara arobaini, kwa sauti ya juu, ya chini, nikiwa nimekaa, nikiwa nimeshika mkasi. Kufikia saa tisa nilikuwa nalisema vizuri kuliko jina langu.

Saa kumi na dakika tano. Simu. Sauti yake, karibu kabisa, na nyuma yake upepo wa kibaraza kipya. Akauliza: wewe, hujambo?

Hajaniuliza hivyo tangu mwaka jana. Nilishtuka, mate yakanipalia, nikakohoa.

Akauliza mara moja ni kikohozi gani hicho. Akauliza kimeanza lini. Sauti ile ile ya Jumatano ya picha! Akauliza kama ni kikavu. Nikafikiri kidogo.

Nikasema ni kikavu, na kifua kinabana.

Dakika arobaini na moja! Maji ya moto, limau, asali, nisilale na dirisha wazi. Atapiga kesho asubuhi kabla sijafungua saluni, na jioni tena. Nikizidiwa nisifiche, akasema, atakuja mwenyewe aone. Neno lenyewe sikupata nafasi ya kulisema. Litasubiri, si tunda kwamba litaoza.

Shida ni moja: sina kikohozi. Na safari hii siwezi kutumia rangi, yule mwanamke ana macho. Kazi ifanyike kwa ukweli. Kwa hiyo nimelowesha nywele, nimevua shati, nimesimama barazani, ndani kabisa ya duara la Bwana Mdogo. Mpima yuko chini anatazama. Kuna upepo mzuri.